Kaniletea talaka ya karatasi, sasa dalali anapima nyumba yetu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa hapa Ujiji. Siku zote nasoma shida za wenzangu, leo na mimi limenifika.

Niliolewa mwaka 2009, ndoa ya Kiislamu, tukafungishwa na sheikh wa mtaani kwetu. Wakati huo mume wangu alikuwa kibarua kwenye kipe cha watu, yaani chombo cha kuvulia dagaa. Anaingia ziwani jioni, anarudi alfajiri na mgao wake wa dagaa. Mimi naanika, nafunga magunia, napeleka stesheni yasafirishwe Tabora mpaka Dodoma. Kidogo kidogo tukainuka. Mwaka 2014 tukanunua kiwanja hapahapa Ujiji, tukajenga vyumba vinne vya tofali za kuchoma. Karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake, ila kaka yangu alisaini kama shahidi. Baadaye tukapata kipe chetu wenyewe. Mwaka jana mashine ya boti ilipokufa, mimi ndiye niliyekopa VICOBA tukanunua nyingine, na mpaka leo narejesha.

Kuna pia shamba la michikichi kule Mwandiga alilorithi kwa marehemu baba yake. Tulilikuta na miti mizee isiyozaa cha maana. Tukaing'oa, tukapanda miche mipya ya tenera, ile michikichi chotara. Yeye yuko ziwani, mimi niko shambani na mtoto mgongoni, napalilia. Sasa limeanza kuzaa na mawese nakamua mimi.

Huu ni mwezi wa nane amehamia Kibirizi kwa mwanamke mwingine. Suala la kuoa mke wa pili sikugombana naye, nilichogombana naye ni kutoacha hela ya kula. Mwezi juzi mdogo wake akaniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari: "Nimekuacha talaka tatu kuanzia leo, usinidai kitu." Saini yake na ya rafiki yake. Ukoo wao ukakaa kikao, nikaambiwa nimalize eda nitoke na nguo zangu na vyombo vyangu. Watoto wakubwa wawili, wa miaka 13 na 9, wabaki kwa bibi yao. Wa miaka minne nikae naye mpaka afike saba nimrudishe. Wanasema mahari walitoa, watoto ni wa ukoo.

Wiki iliyopita alikuja dalali na mtu mwingine, wakaanza kupima nyumba kwa futi nikiwa ndani. Nilipowatoa, usiku mume wangu akaja akapiga mlango kwa teke na kunitishia kuwa nikiharibu biashara yake nitajuta.

Mama yangu anasema mwanamke anayempeleka mumewe mahakamani hana haya. Jirani anasema nikienda napata nusu kwa nusu. Na kuna kaka mmoja hukaa nje ya mahakama, ananiambia nimpe shilingi laki moja na nusu atanisimamia kesi mpaka mwisho.

Shangazi, je, nimeshaachika? Nyumba inauzwa hivihivi? Na watoto wangu?

Ni mimi,
Mama Zuhura, Ujiji


Marahaba, mwanangu Mama Zuhura. Pole sana.

Swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine yote. Mbele ya sheria ya nchi, hujaachika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa iliyofungwa hapa kwetu, iwe ya msikitini, ya kanisani, ya bomani au ya kimila, huvunjwa na amri ya mahakama. Tanzania Bara hatuna mahakama ya kadhi yenye mamlaka ya dola kama walivyo nayo wenzetu wa Zanzibar. Ile karatasi ya daftari ina uzito wake katika dini, na hesabu ya talaka tatu kwa mpigo kamuulize sheikh unayemwamini, mimi siingii huko. Lakini hakimu akiulizwa leo kama wewe ni mke wa mtu, atajibu ndiyo.

Na hilo, mwanangu, ndilo linalokulinda kwa sasa. Wanawake wengi wakiletewa karatasi hiyo hufunga virago usiku huohuo, wanaamini mambo yamekwisha. Wewe bado ni mke, na kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinasema mume au mke hawezi kuuza, kupangisha, kuweka rehani wala kugawa nyumba wanayoishi wanandoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama karatasi zina jina la mmoja. Kwa hiyo anachokifanya mume wako na dalali wake hakiruhusiwi mpaka wewe ukubali, au mahakama iseme vingine.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wanapopoteza nyumba zao. Nyumba ikiuzwa kwa siri, haki yako ya kuendelea kukaa humo inabaki hata mbele ya mnunuzi, isipokuwa kama mnunuzi huyo ataonyesha kwamba hakujua, na hata angechunguza asingejua, kuwa kuna mke ndani. Kazi yako wiki hii ni kuhakikisha hapatikani mtu Ujiji nzima wa kusema hakujua. Andika barua fupi: nyumba ya mtaa fulani ni makazi ya ndoa, una mgogoro na mumeo, hujaridhia mauzo yoyote. Ipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwombe agonge muhuri na kuandika tarehe kwenye nakala yako. Nakala nyingine mpe mtendaji wa kata. Dalali naye mpelekee, mbele ya shahidi. Mauziano mengi ya nyumba zisizo na hati hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti mwenye barua yako mezani atafikiri mara mbili kabla ya kugonga muhuri kwenye karatasi ya kuuza. Ukishafungua shauri, omba pia amri ya zuio ili mali isiguswe mpaka hukumu.

Lile teke la mlangoni ulilolitaja kwa sentensi moja, mimi silipiti. Nenda kituo cha polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, toa maelezo yako, upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako polisi. Akija tena na ukaona hatari, chukua watoto utoke. Kutoka kwa kuokoa maisha hakukufutii haki yako kwenye nyumba wala mali. Nisichotaka ni utoke kwa sababu kikao cha mashemeji kimekuambia. Wao wanaoshika dini kwa kukuonyesha mlango, wakumbushe aya ya kwanza ya Suratut Talaq inayokataza wanawake walio kwenye eda kutolewa majumbani mwao.

Tuje kwenye njia ya mahakamani. Huanzi mahakamani. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro wenu upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza hilo lipo ngazi ya kata, na jumuiya za dini nazo zina mabaraza yaliyotambuliwa na serikali. Kwa Waislamu mara nyingi ni lile la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu. Kikao cha ukoo hakihesabiki. Barua ya imamu peke yake haihesabiki, wala ya balozi wa nyumba kumi. Ukifika, uliza bila aibu: "Ninyi ndio baraza la usuluhishi wa ndoa linalotambuliwa, na mnatoa Fomu Namba 3?" Wakijikanyaga kwenye jibu, tafuta lingine.

Mtaitwa wote wawili. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, na mawakili hawaruhusiwi kusimama humo. Eleza yote, pamoja na njaa ya miezi minane na ule usiku wa teke. Mume akikataa wito kwa makusudi, hilo halikufungii njia, sheria imeliona. Hakikisha tu baraza linaandika kuwa aliitwa na hakuja, na utunze nakala za wito.

Mwisho wake ndiyo hiyo Fomu Namba 3, hati ya baraza. Usiikunje ukaondoka. Isome hapohapo kwenye benchi. Iwe na majina yenu sawasawa na yalivyo kwenye cheti cha ndoa, jina la baraza, tarehe, saini ya mwenyekiti na muhuri, na iseme waziwazi kwamba usuluhishi umeshindikana. Nakusisitiza kwa sababu Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zimefuta kesi za ndoa zilizokwisha kuamuliwa, talaka imetoka, mali zimegawanywa, kisa hati ya baraza haikuwepo au ilikuwa na kasoro. Mtu anarudi kuanza upya baada ya miaka. Hati hiyo pia ina umri: inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya kufungua shauri. Ukiipata, usikae nayo kabatini ukimsubiri abadilike.

Ukiwa na hati hiyo, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Ina mamlaka ya kusikiliza talaka, mgawanyo wa mali, watoto na matunzo, na yote yanasikilizwa kwa Kiswahili. Huyo kaka wa laki moja na nusu ni kishoka, wakili wa bandia, muache alipo. Karani wa mahakama ndiye atakayekupokea na kukuonyesha utaratibu, na ada hulipi mkononi mwa mtu, unapewa namba ya malipo ya serikali. Kama hata hiyo huna, mweleze karani hali yako na uulize namna ya kuomba msamaha wa ada. Ukitaka mtu wa kukuandalia maelezo, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hao husaidia bure. Afisa maendeleo ya jamii wa kata au afisa ustawi wa jamii wa manispaa atakuelekeza waliko.

Cheti cha ndoa kikiwa kwake na amekificha, rudi kwa sheikh aliyewafungisha aangalie daftari lake, na uulize nakala kwa msajili wa ndoa. Mashahidi wa harusi nao wapo.

Hakimu hatavunja ndoa kwa sababu mmoja wenu amechoka. Lazima aridhike kwamba imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hapa kuna jambo ambalo wengi wenye ndoa za Kiislamu hawaambiwi. Sheria inaitambua talaka ya Kiislamu kama ushahidi tosha pale ambapo baraza limeshindwa kuwapatanisha kwanza, kisha talaka ikatolewa. Ya kwako imekuja kabla ya baraza. Kwa hiyo karatasi hiyo ipeleke kama kielelezo, lakini usiiegemee peke yake. Sema kwamba hakuacha hela ya chakula na watoto wakiwa ndani. Sema vitisho, na RB yako uitoe. Kutelekezwa kutaje, ila ujue kwamba kutelekezwa kama sababu ya kujitegemea kunahitaji miaka mitatu na wewe una miezi minane, ndiyo maana nataka ujaze yale mengine. Zungumza kwa tarehe na matukio. "Alinitesa" hakimu amelisikia mara nyingi sana. "Tarehe fulani mtoto alirudishwa shule kwa kukosa daftari, nikampigia, akakata simu" hilo analiandika.

Mali. Jirani yako anakutakia mema lakini amekudanganya. Hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Hakimu anaangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, anaangalia madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo, na mila za jamii yenu. Akishayapima hayo ndipo huelekea kwenye usawa. Ukienda na maneno matupu unaweza kutoka na kidogo sana. Ukienda na vielelezo unaweza kupata sehemu inayolingana na jasho lako.

Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kabla ya hapo wapo walioambiwa kupika na kulea si kitu. Lakini wewe una zaidi ya kupika, na ukisimama kizimbani ukasema tu "nilikuwa mama wa nyumbani" utakuwa umejinyima. Wewe ulikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Kusanya risiti za mizigo za stesheni, hata zilizofifia. Miamala ya simu ya wateja wako wa Tabora omba ichapishwe. Daftari lako la mauzo, lenye madoa ya mafuta hivyohivyo, ni kielelezo. Mtafute mmoja wa wanawake mliokuwa mkianika nao aje aseme alichokiona kwa macho yake.

Kwa nyumba, shahidi wako mkubwa ni kaka yako aliyesaini mauziano. Jina kwenye karatasi linampa mumeo dhana ya kwanza kuwa mali ni yake, lakini dhana hiyo inavunjwa kwa ushahidi. Fundi aliyejenga yupo? Aliyewauzia tofali yupo? Mwambie kaka yako akumbuke nani alihesabu fedha siku ile na zilitoka wapi.

Kipe na mashine: daftari la VICOBA ndilo ushahidi wako. Omba mwenyekiti wa kikundi au mweka hazina aje na daftari lenyewe siku ya kusikilizwa. Na deni lililobaki litaje kwa kiasi chake. Lilikopwa kwa ajili ya chombo cha familia, kwa hiyo nalo linaingia kwenye hesabu ya mgawanyo. Nimeona wanawake wanagawiwa vyombo vya ndani na kuondoka na deni la boti peke yao kwa sababu hawakulitamka.

Shamba la Mwandiga, najua mashemeji watasema ni la urithi, la ukoo, mwanamke hana lake humo. Udongo wenyewe ni kweli ulitoka kwa baba yake. Lakini kifungu kilekile cha 114 kinasema mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa nguvu za pamoja, inahesabiwa katika mgawanyo. Alirithi kabla hamjaoana au baada, lieleze hilo wazi, maana hakimu atauliza. Kisha eleza ulivyolikuta na lilivyo sasa: miti mizee mingapi iliondolewa, miche mingapi ya tenera ilipandwa, nani alilipwa kuchimba mashimo, nani alipalilia. Kama miche mlipewa kwa orodha ya kijiji, afisa ugani anayo. Piga picha ya shamba lilivyo. Omba mahakama ikatembelee, hakimu anaweza kufanya hivyo akiona inafaa. Usidai ardhi ya ukoo kwa jazba, dai thamani uliyoiongeza. Dai hilo lina miguu ya kusimamia.

Mahari yako kama kuna sehemu haijalipwa, litaje. Matunzo ya kipindi cha eda nayo yadai, sheria inayatambua.

Sasa watoto. Hapa nasema kwa sauti: mahari hainunui watoto. Kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya kila kitu. Mila zinasikilizwa, matakwa ya wazazi yanasikilizwa, lakini hayashindi ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka saba inachukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, mpaka upande wa pili uthibitishe sababu ya kutofanya hivyo. Na wala haimaanishi kwamba siku anayotimiza saba mlango unagongwa anachukuliwa. Sheria inamtaka hakimu afikirie pia madhara ya kumhamisha mtoto kutoka maisha aliyoyazoea. Zuhura wako wa miaka 13 ana akili ya kutoa maoni yake mwenyewe, na mahakama inaweza kumsikiliza. Usimfundishe maneno. Mtoto aliyekaririshwa hujulikana mara moja, na hakimu akishaona hivyo anakuangalia wewe kwa jicho jingine.

Hakimu anaweza kumwomba afisa ustawi wa jamii awatembelee pande zote mbili. Akija kwako, muonyeshe wanapolala, shule wanayosoma, nani anabaki nao ukienda sokoni au shambani. Na baba yao usimzuie kuwaona kwa sasa, maadamu wako salama. Ukimzuia kwa hasira, yeye atakwenda kulieleza hilo mahakamani.

Matunzo ni wajibu wake, watoto wakae kwake au kwako. Sheria inamtwika baba jukumu la chakula, mavazi, malazi na elimu kulingana na uwezo wake. Hakimu atauliza uwezo huo ni kiasi gani, na wewe ndiye unayejua. Kipe kinaingia ziwani siku ngapi kwa mwezi, mwezi ukiwa mpevu hawatoki, mgao wa mwenye chombo ni upi, ndoo ya dagaa inauzwaje pale mwaloni Kibirizi. Taja pia vipindi ambavyo Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, kama ile miezi mitatu ya mwaka 2024, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, maana yeye atakuja na hiyo kama kisingizio cha mwaka mzima. Omba matunzo ya kila mwezi, na ada na sare za shule zitajwe peke yake kwenye amri. Amri inayosema "atahudumia watoto" bila kiasi wala tarehe haitekelezeki, itakupa kesi nyingine. Akiacha kulipa baada ya hukumu, unarudi mahakama hiyohiyo kuomba utekelezaji.

Mama yako usimjibu kwa ukali. Kizazi chake kilifundishwa kwamba mahakamani wanapelekwa wezi. Mweleze kwamba huendi kumfunga mumeo, unakwenda kuomba jambo lililoanzwa na karatasi ya daftari limalizwe kwa utaratibu. Kama bado unamtaka mumeo, baraza ndipo pa kulisema hilo, kwa moyo mmoja, na wajumbe watajaribu. Kama humtaki, sema pia. Wewe hukuniambia, na mimi sitakuamulia.

Hukumu ikitoka omba nakala yake na ya amri siku hiyohiyo. Usiporidhika, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya. Usiache siku 30 zipite ukiwa unatafakari. Juu yake ipo Mahakama Kuu, na siku hizi Kigoma ina masjala yake, si kama zamani tulipokuwa tunapanda treni mpaka Tabora kwa ajili ya rufaa. Talaka ikiwa ya mwisho, ipeleke isajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, upate cheti cha talaka, utakihitaji siku ukitaka kuolewa tena.

Jumatatu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na ile barua, ukitoka hapo pita polisi, kisha baraza. Siku ya kesi fika mapema, vielelezo viwe kwenye bahasha moja, na nakala zake ziwe kwa kaka yako, zisiwe nyumbani. Majina yakiitwa na mumeo hayupo, usirudi nyumbani kwa kudhani kesi imeahirishwa. Kaa pale pale mpaka karani akuite, umuonyeshe hakimu kwamba samansi ilimfikia, na uombe shauri lisikilizwe upande mmoja.